Vituo Vitatu vya Bi Shemsa

Namna nilivyofika Masikizano haimfai mtu yeyote, na nimekwisha kuchoka kuieleza. Nilifika, basi. Nilikuwa nimestaafu ukaguzi wa shule, nina daftari tupu na tabia mbaya ya kusahihisha mambo ya watu, na katika nchi ile nilikaa miezi minne nyumbani kwa mjane mmoja aitwaye Bi Shemsa, msimulizi wa hadithi. Haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu, isipokuwa pale nitakaposema niliambiwa.

Kila nyumba ya Masikizano, hata kibanda cha mponda kokoto, ina kiwambo. Ni kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani, na juu yake hupita sura na sauti za wasimulizi mchana kutwa, hadithi moja ikifuata nyingine. Zinafikaje pale? Niliwauliza watu watatu, nikapewa majibu matatu, nikaacha. Nililotaka kujua zaidi ni kwa nini hadithi zenyewe zilikatwakatwa. Siku yangu ya kwanza nilitazama ile ya binti aliyeanguka kisimani. Baba yake aliteremsha kamba, binti akainua mkono, vidole vikaigusa kamba, na hapo hapo akatokea mwanamume mnene mwenye koti la manjano akaanza kusifu mafuta ya kupikia. Niliruka kitini. Bi Shemsa alicheka mpaka akashika mbavu.

"Tulia, kaka, binti hatazama maji," akaniambia. "Hicho ni kituo tu. Nenda kageuze samaki."

Zamani, niliambiwa, palikuwa na mnara mmoja uliosimulia hadithi moja kwa watu wote, saa moja, na aliyekuwa shambani ilimpita; na hata humo waliingia wanadi, wasifu bidhaa kama yule wa mafuta. Kisha zikaja Nyumba za Funguo. Ukiwa na ufunguo unatazama utakacho, saa uitakayo, na wenye nyumba hizo waliapa hadharani, mkono juu, kwamba mnadi hatatia mguu kwao milele. Watu walifurahi. Lakini Nyumba ya kwanza ikazaa ya pili, ya pili ikazaa mpaka ya tisa, na kila moja ilificha hadithi moja nzuri katikati ya mia za kujazia rafu. Nimeonyeshwa picha za enzi hizo: watu wazima wanatembea wameinama kwa uzito wa funguo walizovaa shingoni. Mwishowe wengi walizitupa mtoni. Hapo ndipo wanadi waliporudi, wakasema kwa upole, "Tazameni bure, mtuazime masikio kidogo tu." Na wale walioapa mkono juu? Sasa wanauza nusu ufunguo, unaofungua mlango wa uani, na mlangoni hapo amekaa mnadi. Nilimuuliza ofisa wao mmoja kuhusu kile kiapo. Akanijibu bila kupepesa macho kwamba mkono uliokuwa juu ulikuwa wa ofisa aliyemtangulia.

Sheria ya vituo ni fupi: mnadi ataingia pale tu pumzi za waliomo ukumbini zinaposimama. Kwa kazi hiyo serikali imeajiri Wapima Pumzi. Hadithi mpya husimuliwa kwanza asubuhi, mbele ya watu wa mtaa mmoja, na Mpima hukaa pembeni akitazama vifua vyao. Vifua vikitulia vyote pamoja, huinua kibendera chekundu, na mnadi aliyesimama mlangoni huingia kujaribu maneno yake. Karani huandika mahali pale, muhuri hugongwa, na tangu siku hiyo hadithi itakatwa hapo hapo nchi nzima. Pasipo na muhuri mnadi haingii. Na hadithi isiyo na kituo hata kimoja haipandi kiwambo cha bure, kwa kuwa hakuna mnadi wa kuibeba. Huenda kwenye Nyumba za Funguo.

Mazoea haya yamewaingia watu damuni. Mapishi yao hupimwa kwa vituo: kitunguu kituo kimoja, wali vituo vinne. Wala hawazungumzi moja kwa moja. Jirani yetu alinisimulia alivyoibiwa: "Nikausukuma mlango taratibu, nikaona mtu kanipa mgongo, akageuka, kumbe ni... chai ya leo imekolea tangawizi, hebu ongeza kikombe... kumbe ni shemeji yangu." Hata harusini ni hivyo hivyo. Bibi harusi huulizwa kama amekubali, watu wote kimya, na kabla hajajibu mjomba wake husimama kuyasifu magodoro. Niliambiwa yupo aliyeutumia muda huo kubadili nia, na magodoro yale yakapata wateja wengi kuliko mwaka wowote.

Niliandika daftarini kwamba watu hawa wameuza sehemu tamu ya kila kitu. Niliona nimesema jambo kubwa. Bi Shemsa, ambaye alikuwa akisoma daftari langu bila kuniomba, alirudisha ukurasa ule mezani akasema, "Wewe nyumbani kwako ulikuwa na ufunguo, bila shaka." Nikakiri kwamba ndiyo.

Asubuhi moja tukichambua mchele nilimuuliza kama ana ndugu.

"Ninaye mdogo wangu, Mwanakombo. Yuko Majabalini, anaponda kokoto. Mwaka wa kumi na moja huu hatujasemezana."

"Mwandikie."

"Barua zangu hurudi zimefungwa kama nilivyozifunga."

"Basi nenda mwenyewe."

"Nilikwenda. Nilisimama mlangoni mpaka miguu ikavimba, na ndani namsikia anakohoa." Alipuliza makapi. "Kitu kimoja tu changu kinaweza kuingia nyumba ile bila kubisha hodi, kaka. Kiwambo. Na ni hiki cha bure, maana ufunguo hajawahi kuwa nao, na hata angekuwa nao asingeniendea mimi kwa hiari. Cha bure hakikuulizi unamtaka nani. Unakaa, unamenya viazi vyako, mtu anatokea."

Ndipo akanieleza. Alikuwa ametunga hadithi ya siku tisa za mwisho za mama yao. Ndani yake mna jambo alilomfanyia mdogo wake, ambalo hajawahi kulitamka. Alitaka Mwanakombo alisikie lote, kutoka kinywani mwake, hata kama nchi nzima italisikia pamoja naye.

"Huoni aibu?" nikamuuliza.

"Naona," akasema. "Nimeiona miaka kumi na moja, tumezoeana."

Mpima Pumzi wa mtaa wetu alikuwa Bwana Uledi, mtu mwembamba mwenye kofia iliyopigwa pasi vizuri, na miaka ishirini na miwili kazini. Alijivuna kwamba tangu ameajiriwa hajui hadithi hata moja ilivyokwisha. "Mimi natazama vifua, sitazami midomo," aliniambia siku ya kupima, tulipokuwa tunangoja watu wajae. "Ukiifuata hadithi, umekwisha." Mlangoni alisimama mnadi wa sabuni, amevaa koti la bluu, anakariri maneno yake polepole.

Bi Shemsa akaanza. Sitaisimulia hadithi hapa, kwa kuwa mtaisikia mahali pake. Nitasema tu nilichokiona. Mara ya kwanza vifua vya ukumbi mzima viliposimama, nilimgeukia Bwana Uledi kwa hasira, nikingoja kibendera. Kibendera kilikuwa kimelala mapajani. Macho yake yalikuwa yameviacha vifua vya watu yakawa kwenye midomo ya Bi Shemsa. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu mnadi wa sabuni alivua kofia yake, naye hakujua kama ameivua. Bi Shemsa akafika mwisho, akanyamaza.

Hakuna aliyeinuka. Tangu watupe funguo mtoni, watu wale hawakuwahi kusikia hadithi ikienda mpaka mwisho bila kusimama, na hawakujua wafanye nini. Mama mmoja mnene nyuma yangu alifuta macho akauliza kwa wasiwasi, "Kwani ndiyo imekwisha?" Kisha harufu ikaingia madirishani. Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa imebandika wali jikoni kabla ya kuja, kwa hesabu kwamba kituo cha kwanza kikifika mtu atakimbia kupunguza moto. Kituo hakikufika. Mtaa mzima uliunguza wali siku moja, saa moja. Walitoka mbio huku wanalia, na mpaka leo sijui nani alikuwa analia hadithi na nani analia sufuria.

Kesho yake Baraza likaketi. Sufuria kumi na tisa zilizoungua zilipangwa mkekani kama ushahidi. Mwenyekiti, Bwana Nasibu, alikuwa mtu wa haki aliyetaka mambo yaishe kwa amani, na alimpa Bwana Uledi njia iliyo wazi kabisa.

"Bwana Uledi, sote ni binadamu. Mpima aliyelala husamehewa, na hadithi hupimwa upya. Kwa Mpima aliyesikiliza hatuna kifungu. Sasa nakuuliza, na ufikiri vizuri: ulisinzia?"

Watu wote walimtikisia kichwa akubali. Mimi mwenyewe nilitikisa.

"Sikusinzia, mheshimiwa," akasema Bwana Uledi. "Nilikuwa nasikiliza."

"Sema kidogo tu, hata usingizi wa dakika..."

"Yule mama kasema kweli mbele ya watu, kweli inayomuumiza. Mimi niifuate kwa uongo?"

Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumzaba kibao. Kwa jibu lile hadithi ilikuwa haina kituo, na isiyo na kituo, kwa sheria, ni ya Nyumba za Funguo. Mjumbe wa Nyumba mojawapo alikuwa amekwisha kusimama, bibi mwenye manukato na sauti laini. Alisema wataipokea kwa heshima zote. Itaitwa Hadithi Isiyokatwa. Bi Shemsa atakaa kwenye mto wa hariri, na watu wa ladha watamsikiliza pasipo bughudha. Ukumbi ukapiga makofi. Nilimwinamia nikamnong'oneza, nikiamini kabisa ninachosema: "Kubali! Itasikika nzima, kama ulivyoitunga."

"Isikike na nani, kaka?" akaniuliza.

Nilikaa chini. Yeye akasimama.

"Naomba mnikate," akaliambia Baraza.

Makelele yaliyofuata yalichukua asubuhi nzima. Mjumbe wa manukato alisema ni unyama kuichinja kazi safi namna ile. Mwakilishi wa wanadi alisema hajawahi kuombwa, amezoea kutukanwa, na aliomba apewe muda. Mzee mmoja wa Baraza alileta pingamizi la kitaalamu: watu wa mtaa wamekwisha kuijua hadithi, na pumzi haisimami mara mbili pahali pamoja, kwa hiyo haiwezekani kupima tena. Hili lilikuwa kweli, na Mwenyekiti akashika kalamu afunge shauri. Ndipo Bwana Uledi, aliyekuwa amekaa na sufuria zake kama mtuhumiwa, akaomba neno.

"Sheria inasema pumzi za waliomo ukumbini. Msimulizi naye alikuwemo, na ana kifua. Hatujawahi kumpima kwa sababu hakuna msimulizi aliyewahi kutaka. Muulizeni yeye pumzi ilimsimama wapi."

Wakamuuliza. Bi Shemsa akapewa maandishi ya hadithi yake, akayapitia kwa kidole mbele yetu sote, bila haraka. "Hapa," akasema, na karani akagonga muhuri. Akafunua kurasa kadhaa. "Na hapa." Muhuri. Kidole kikaenda mpaka karibu na mwisho, kikasimama. "Na hapa," akasema, na karani alimtazama kwanza kabla ya kugonga. Vituo vitatu. Nimewahi kukaa katika vikao vingi vya wakubwa na sijaona mtu akiomba jambo gumu kama lile kwa sauti ya kawaida kama ile.

Bwana Uledi alinyang'anywa kibendera siku hiyo hiyo. Nilikutana naye kwenye ngazi, nikampa pole. "Pole ya nini?" akasema. "Sasa nitajua zinavyokwisha."

Bi Shemsa aliniomba jambo moja. Majabalini mgeni hanyimwi malazi. Niende nikae kwa Mwanakombo kama msafiri yeyote, nisiseme natoka wapi, niangalie tu. Nilikwenda. Nilimkuta mwanamke mpana, mweupe wa vumbi la mawe mpaka nyusi, anayechechemea goti moja, mwenye mikono iliyochanika kila kidole. Alinikaribisha vizuri, akanipikia vizuri, akanitania kwa mikono yangu laini. Kiwambo chake kilikuwa wazi wakati wote. "Ndiye mwenzangu," aliniambia. "Anapayuka, lakini yupo."

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, tulikuwa tunabangua njugu. Hadithi moja ikaisha, na uso wa Bi Shemsa ukajaa ukutani.

Mikono ya Mwanakombo ilisimama ndani ya ungo. "Huyo ni dada yangu," akaniambia, kwa sauti ambayo mtu huitumia kusema mvua inanyesha. Akanyoosha mkono kwenye kamba ya pazia. Lakini adabu ya nchi ile ni kwamba kiwambo hakifunikwi mbele ya mgeni anayetazama, nami nilitazama kwa bidii zote nilizojaliwa. Mkono ukashuka.

"Mama yetu aliugua siku tisa," alisema Bi Shemsa ukutani. "Siku ya kwanza aliniambia, mwite mdogo wako. Nikamwambia nimemtuma mtu. Sikutuma mtu. Tangu utotoni Mama alikuwa wa Mwanakombo, alilala naye kitanda kimoja, mimi nikilala chini. Nilitaka zile siku ziwe zangu peke yangu. Baada ya mazishi nilimwambia mdogo wangu kwamba mauti yalikuja ghafla. Nilidanganya. Yalikuja kwa siku tisa, na kila alfajiri Mama aliuliza. Siku ya nne alinishika mkono, akanitazama usoni, akasema, 'Niambie kweli, Shemsa. Mwanakombo yuko njiani, au amekataa kuja?' Nami nikamjibu..."

Akaingia yule mnadi wa sabuni.

Mwanakombo alisimama, ungo ukamwagika. "Kamwambia nimekataa," akasema. "Miaka yote hii nilijua kuna kitu kanificha. Kamwambia nimekataa, na Mama kafa anajua nimekataa." Alikuwa amekwisha kufika mlangoni, na nina hakika angetoka, na angetoka moja kwa moja. Lakini wanadi wa Masikizano huwajua watazamaji wao kwa majina, na hujua hata wanachougua. "Bi Mwanakombo," akaita mnadi, "mikono yako iliyochanika kwa mawe..."

Akageuka. "Mikono yangu umeijulia wapi wewe? Nani kakwambia habari za mikono yangu? Mnajua mikono yangu, mnajua goti langu, mbona hamkujua siku ile mama yangu anakufa? Ningefika! Ningekuja kwa miguu! Nilifika nikakuta kaburi limekwisha kufukiwa, udongo bado una maji! Una sabuni ya hilo wewe? Eh? Unayo?"

Alimfokea mnadi mpaka sauti ikakatika. Mnadi aliendelea kusifu povu, kwa kuwa mnadi wa kiwamboni hasikii. Mwanakombo hakuwa na pumzi ya kwenda popote tena. Akakaa sakafuni, katikati ya njugu, na hadithi ikarudi.

"Nami nikamjibu, 'Yuko njiani, Mama.'"

Hakuinua macho, lakini alisikiliza. Kituo cha pili kikaja kikapita naye hajatikisika. Siku ya nane ikapita, ikaja ya tisa, na hadithi ikakatika mara ya tatu, pale ambapo karani alimtazama Bi Shemsa kabla ya kugonga. Mnadi wa sabuni akatokea. Alitaja jina la sabuni mara moja. Kisha akavua kofia, akasimama kimya mpaka muda wake ukaisha. Katika miezi minne sikuona mnadi mwingine akifanya hivyo, na natumaini hawakumfukuza kazi.

"Alfajiri ya mwisho," alisema Bi Shemsa, "nilimkuta Mama amejivuta mpaka ukingoni mwa kitanda. Nikataka kumrudisha katikati. Akanikataza. Akasema, 'Niache hapa. Huyu akifika atakuwa amechoka na safari, nimemwachia nafasi upande wa ukutani.' Hilo ndilo neno lake la mwisho. Lilikuwa lako, Mwanakombo. Nimekaa nalo miaka kumi na moja."

Hadithi ikaisha, ikaanza nyingine ya watu wanaogombea mbuzi. Mwanakombo alilia kwa sauti, kama mtu anayelia msibani, kwa kuwa ule ulikuwa msiba wake na ulikuwa umechelewa. Mimi nilipiga magoti nikaokota njugu moja moja. Sikuwa na kazi nyingine ya maana.

Jioni alinawa uso, akanitengea chakula, akanitazama nikila.

"Kakutuma yeye," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Nilijua. Hakuna msafiri anayetazama kiwambo kwa kukodoa vile." "Yule wa sabuni asingeniita kwa jina, ningeondoka na lile swali. Nisingelisikia jibu maisha yangu yote."

Nilikumbuka nilichoandika daftarini kuhusu sehemu tamu, nikaona haya.

"Nimwambie umemsamehe?" nikauliza.

"Usiseme nisichosema. Sijamsamehe." Alichukua sahani yangu, akaifuta kwa viganja vyake vilivyochanika. "Mwambie nimesikiliza mpaka mwisho. Hata la sabuni."